Jani pana lililokufa, jani jembamba lililobaki

Nilishika jani la katikati la mche wa hindi kwa vidole viwili nikalivuta taratibu. Jani la moyo la hindi lenye afya halichomoki hivi hivi. Unavuta mpaka linakatika, na pale linapokatika unasikia ule mlio mdogo wa kitu kibichi. Hili halikukataa. Lilichomoka lote mpaka chini, kama kijiti kwenye uji, na ncha yake ya chini ilikuwa ya kahawia, laini, yenye harufu ya kuoza. Nikavuta la mche wa pili, wa tatu, wa kumi. Mstari mzima ulikuwa hivyo. Majani ya chini yalikuwa bado ya kijani, mengine yameanza kupiga rangi ya zambarau kingoni, lakini moyo wa kila mche ulikuwa umekufa.

Mama alisimama mwisho wa mstari, khanga kiunoni, kimya. Katikati ya mahindi yale maharage yalikuwa yamestawi, yameanza kutoa maua.

"Dawa gani hii, mwanangu," akasema baada ya muda, "inayochagua mtoto wa kuua na mtoto wa kuacha?"

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nafundisha Moshi, kwetu ni Meru, juu kidogo ya Tengeru. Wanafunzi wangu nimewafundisha usanisinuru miaka yote, nimechora kloroplasti ubaoni mara ambazo sizihesabu, na siku ile sikuwa na jibu la kumpa mama yangu. Makala hii ni jibu lake. Limechelewa, lakini nimelitafuta kwa moyo wote.

Ilivyokuwa ni hivi. Masika yalianza vizuri, mama akapanda nusu eka ya mahindi na maharage kwa pamoja, kama walivyopanda wazee wote wa huku. Mvua ikaja, na magugu yakaja nayo. Nyasi za sangari zilitambaa chini ya mistari, ndago zikachomoza kila mahali. Vibarua wa palizi walikuwa hawapatikani, na waliopatikana walitaja bei ambayo mama hakuwa nayo. Akaenda dukani kununua dawa ya magugu. Akamweleza muuzaji kwamba ana maharage na yamezidiwa na nyasi. Akapewa chupa na maelezo: hii ni ya kwenye maharage, inaua majani membamba tu, majani mapana haigusi.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama. Ana shamba lenye mazao mawili. Ameambiwa dawa inaua jani jembamba na kuacha jani pana. Anatazama jani la hindi: limezidi kiganja chake, ni pana kuliko jani lolote la maharage. Anatazama sangari: jani kama uzi. Anahitimisha kwamba mazao yake yote mawili yako salama. Mama hakukosea hesabu. Alipewa kanuni mbovu, akaitumia kwa akili timamu. Hilo nalisema mapema kwa sababu wapo waliomcheka pale kijijini, na kicheko kile kiliniuma kuliko mahindi.

Kijana mwenye bomba la mgongoni alikuja Jumamosi akapiga shamba zima. Wiki nzima haikuonekana kitu. Mama akaamini ameuziwa dawa feki, akanipigia simu kulalamika kwamba hela imepotea. Siku ya kumi akapiga tena, na safari hii hakulalamika, aliniambia tu nije. Ijumaa jioni nikapanda basi.

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kuvuta yale majani ni kuiomba ile chupa. Maandishi yalikuwa madogo, nusu yamefutika kwa matope. Jina la kibiashara lilikuwa kubwa na la kuvutia. Chini yake, kwa herufi ndogo kabisa, palikuwa na jina la kiambata chenyewe, na katikati ya jina hilo nikaona herufi tatu: f, o, p. Kwenye orodha ya mazao palikuwa na maharage, vitunguu, pamba, alizeti. Mahindi hayakuwepo.

Herufi hizo tatu ni jina la ukoo. Fluazifopu, haloksifopu, kwizalofopu, klodinafopu: wote ni ndugu. Wana binamu zao wanaoishia na dimu, kama setoksidimu na klethodimu. Kwa umbo la kikemia koo hizi mbili hazifanani sana, lakini zinafanya kazi moja ndani ya jani. Zinalizuia lisitengeneze mafuta.

Najua wengi tukisikia mafuta ya mmea tunawaza alizeti ya Singida, ufuta, karanga, kitu cha kukamua. Jani hulikamui. Ukilisugua jani la maharage mkononi hupati mafuta ya kukaangia hata kitunguu kimoja. Hata hivyo mafuta yamo, na bila hayo hakuna jani. Kila seli imezungushiwa utando mwembamba, na utando huo umejengwa kwa mafuta. Ndani ya seli kuna kloroplasti, zile punje za kijani, na ndani ya kila kloroplasti kuna tando nyingine zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani. Klorofili, ile rangi inayonasa jua, imekaa kwenye tando hizo. Sehemu kubwa ya mafuta yote ya jani iko hapo. Ni mafuta ya aina yake, yamefungwa na sukari iitwayo galaktosi, na asidi ya mafuta iliyo nyingi zaidi ndani yake ni linoleniki, jamaa ya yale mafuta ya omega-3 ambayo madaktari wanatusifia siku hizi.

Kwa hiyo jani likizuiwa kutengeneza mafuta, halikosi akiba tu. Linakosa ukuta wa nyumba. Jani lililokwisha kukomaa lina kuta zake tayari, linaweza kuendelea kuwa la kijani siku nyingi. Jani changa, lile lililojikunja kwenye moyo wa mche, linagawa seli usiku na mchana, na kila seli mpya inadai utando mpya. Likinyimwa, linaoza. Ndiyo sababu majani ya chini ya mahindi ya mama yalikuwa yanadanganya kwa ukijani wao huku moyo umeshakwisha. Dawa yenyewe hupenya ile nta ya juu ya jani, ikishaingia mmea wenyewe unaivunja na kuifanya tindikali, halafu inasafiri pamoja na sukari kuelekea kule sukari inakohitajika zaidi: kwenye moyo, kwenye ncha za mizizi, kwenye zile shina za sangari zinazotambaa chini ya udongo. Ukuaji husimama mapema, ndani ya siku mbili hivi. Jicho ndilo linalochelewa kuona.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeelewa hindi lilivyokufa. Bado swali la mama lilikuwa palepale. Maharage nayo yana majani, yana kloroplasti, yanatengeneza mafuta. Mbona yaliachwa?

Ili kulijibu lazima tuingie jikoni kabisa, pale mafuta yanapopikwa. Wale akina mama wa Kimaasai wanaotunga shanga wamenisaidia kuwafafanulia wanafunzi jambo hili kuliko kitabu chochote. Asidi ya mafuta ni uzi wa atomi za kaboni, na mmea unautunga kwa jozi. Unaanza na jozi moja ya kaboni, unaongeza mbili, unaongeza mbili tena. Mizunguko 7 baada ya jozi ya kwanza inafikisha kaboni 16, wa 8 unafikisha 18, na hapo uzi unafungwa. Kwenye jani kazi hii hufanyika ndani ya kloroplasti, mchana, kwa nguvu inayotoka kwenye mwanga wenyewe.

Lakini jozi ya kaboni haiingii kwenye uzi hivi hivi. Ni mvivu, haina nguvu ya kujishika. Kwanza lazima ibebeshwe kaboni ya tatu, inayotokana na hewa ya ukaa, na kubebesha huko kunagharimu nishati. Jozi iliyobebeshwa ndiyo inayoshika uzi, na ikishashika tu, ile kaboni ya tatu inatupwa, inarudi kuwa hewa ya ukaa. Mara ya kwanza nilipolisoma hili nilishangaa: mmea unagharamia kitu ili uje ukitupe. Kumbe kile kinachotupwa ndicho kilichosukuma shanga ikae. Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi ndani ya seli, kinachobebesha kaboni hiyo ya tatu kinaitwa asetili-koA kaboksilesi. Kinabeba ndani yake bayotini, mojawapo ya vitamini za kundi B, na hiyo bayotini ndiyo mkono unaoshika kaboni na kuikabidhi. Hakuna uzi wa mafuta unaotungwa bila kupita mkononi mwake. Ni mlango mmoja, na fopu na dimu zinakaa mlangoni. Zinaingia kwenye kile kitako ambapo kaboni inakabidhiwa, kazi inasimama.

Hayo yalijulikana mwaka 1987 na 1988, wakati dawa zenyewe zilikuwa mashambani tangu miaka ya 1970. Watu walizipulizia miaka kadhaa wakijua zinaua nyasi bila kujua zinaziua kwa kushika wapi. Huko Ujerumani, Focke na Lichtenthaler walichukua kloroplasti za shayiri, wakaonyesha kwamba setoksidimu na mwenzake zinakifunga kimeng'enya hiki. Njia ya kupima mambo haya ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Unaipa kloroplasti aseteti, ambayo ndiyo ile jozi ya kaboni, iliyotiwa kaboni yenye mnururisho, ile ya uzito wa 14, unaiwekea mwanga, kisha unayakamua mafuta na kupima mnururisho kiasi gani umeingia. Bila dawa, hesabu ya mnururisho kwenye mafuta ni kubwa. Ukiweka dawa, hesabu inaanguka. Huhitaji kuona kimeng'enya kwa macho. Unafuata alama tu, kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Mwaka 1994 Wajapani wawili, Konishi na Sasaki, wakaeleza kwa nini wengine wanapona. Mimea ina maumbo mawili ya kimeng'enya hiki. La kwanza ni protini moja kubwa inayofanya kazi zote peke yake. La pili limeundwa na vipande vinne tofauti vinavyoshirikiana, kama lile la bakteria, na hilo halishangazi kwa sababu kloroplasti zenyewe zilitokana na bakteria zamani sana. Maharage, pamba, alizeti, mchicha na karibu mimea mingine yote hutumia umbo la vipande vinne ndani ya kloroplasti, na umbo hilo fopu haziliwezi. Kitako chake ni kingine. Dawa inafika, haipati pa kukaa.

Jamii ya nyasi ndiyo iliyoachana na wenzake. Kipande kimoja kati ya vile vinne hutengenezwa kwa kufuata jeni iliyomo ndani ya kloroplasti yenyewe. Kwenye nyasi jeni hiyo haifanyi kazi tena. Ukisoma jeni zote za kloroplasti ya mpunga au ya hindi, huikuti ikiwa nzima. Wahenga wa nyasi waliipoteza, wakaliweka lile umbo kubwa la protini moja lifanye kazi ndani ya kloroplasti badala yake. Likafanya vizuri, nyasi zikaenea duniani, zikatupa ngano, mpunga, mtama, ulezi, miwa na mahindi. Halafu sisi tukatengeneza dawa inayolipata umbo hilo na kuliacha lile lingine.

Hilo ndilo jibu la swali la mama. Dawa haikuchagua kwa upana wa jani. Ilichagua kwa ukoo. Sangari na hindi ni ndugu wa damu, wamerithi mlango uleule, na hapo upana wa kiganja hauna maana yoyote.

Na ukiishika kanuni hii, mambo mengine ya shambani yanajipanga yenyewe. Baba yangu mdogo analima vitunguu Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Amekuwa akipiga dawa ya ukoo huu kwenye vitunguu miaka mingi na vitunguu vyake havijawahi kuugua. Jani la kitunguu ni jembamba, limesimama kama sindano. Kwa kanuni ya dukani lingekufa la kwanza. Halifi, kwa sababu kitunguu si nyasi, kina kimeng'enya cha vipande vinne. Migomba ya mama iliyo pembeni ya shamba ilirushiwa dawa na haikutetereka. Nayo mgomba si nyasi. Mabingobingo aliyokuwa amepanda kwenye kingo kwa ajili ya ng'ombe yalikauka mioyo upande wote uliopakana na mahindi. Hayo ni nyasi.

Na ndago. Ndago ilibaki. Ukitazama ndago kwa haraka utaapa kwamba ni nyasi: jani jembamba, refu, limechongoka. Lishike shina lake ulizungushe kati ya vidole. Shina la nyasi ni la mviringo. La ndago lina pembe tatu, utazisikia kwa ngozi. Ni ukoo mwingine kabisa, na fopu hazimgusi. Shamba la mama wiki ile lilikuwa hivi: hindi lenye jani pana limekufa, ndago yenye jani jembamba inang'aa, na chupa ina sifa ya kuua majani membamba. Sijui ni ushahidi gani mwingine mtu anahitaji ili kuacha kutumia kauli ile.

Mtu akisoma mpaka hapa ataniuliza habari za ngano, na ana haki. Ngano ni nyasi, na kwenye mashamba makubwa ya ngano duniani hupigwa klodinafopu kuua oti mwitu, gugu la jamii ya nyasi, katikati ya ngano yenyewe. Hapo siri ni nyingine. Mlango wa ngano nao unazibika, ila ngano inaivunja ile dawa haraka kabla haijafika mlangoni, na dawa huuzwa ikiwa imechanganywa na kemikali ya pili ambayo kazi yake ni kuichochea ngano ivunje kwa kasi zaidi. Hindi halina wepesi huo kwa dawa aliyopewa mama. Kwa hiyo hata kusema "hii ni ya nyasi, ile ni ya ngano" hakutoshi. Ni lazima kusoma zao kwa zao.

Nilipoanza kuzitafuta habari hizi sikuweza kuacha, kwa hiyo naomba uvumilivu wa aya chache. Mlango ule ni mmoja, lakini uzi wa mafuta unaweza kukatwa mahali pengi. Kuna serulenini, iliyopatikana Japani kwenye kuvu. Aliyegundua kwamba inazuia mafuta kutengenezwa ni Satoshi Ōmura, yuleyule aliyepewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyotupatia ivermektini, vidonge ambavyo watu wa nchi yetu wamemeza kwa ajili ya usubi na matende. Serulenini haigusi mlango. Inakamata vimeng'enya vinavyounganisha shanga. Kuna kimoja kinachounganisha shanga za mwanzo kabisa ambacho serulenini haikiwezi, na watafiti waliofanya kazi na majani ya spinachi walikigundua kwa njia hiyohiyo: walifunga vingine vyote, wakaona uzi mfupi wa kaboni 4 bado unatungwa. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba kizuizi kizuri ni kama kuzima taa za nyumba chumba kimoja kimoja usiku. Itakayobaki inawaka ndiyo itakuambia nyaya zinapita wapi.

Kuna vizuizi vya kaboni 18 kwenda juu. Uzi ukitoka kwenye kloroplasti, sehemu yake hurefushwa zaidi, mpaka kaboni 30 na kupita, na hapo ndipo inapotoka ile nta ya juu ya jani. Mwagia maji jani la kabichi uone yanavyojikusanya matone na kuteleza: ni nta hiyo. Katika miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba kabichi zilizopata dawa za kundi la thayokabameti zinatoa majani yenye nta kidogo, na maji yanalowa badala ya kuteleza. Metolakloa, dawa inayopigwa kwenye mahindi kabla magugu hayajachomoza, nayo inazuia urefushaji huu, na mbegu za nyasi zinazoota kwenye udongo wenye dawa hiyo zinakwama, jani limejisokota haliwezi kujikunjua. Hapa hindi linapona, kwa sababu lina uwezo wa kuifunga metolakloa kwenye kitu kiitwacho glutathayoni na kuiweka kando. Zao lilelile linauawa na kizuizi kimoja cha mafuta na kukistahimili kingine. Kwa hiyo muuzaji akikuambia tu "hii ni ya nyasi", hajakuambia kitu.

Na kuna dawa fulani ya kundi la piridazinoni isiyozuia wingi wa mafuta, inabadilisha aina yake tu. Inazuia asidi ya mafuta iitwayo linoleiki isigeuzwe kuwa linoleniki. Mwaka 1976 ilijaribiwa kwenye miche ya pamba, na miche ile iliyopungukiwa linoleniki ikashindwa kuvumilia baridi. Nilipoisoma niliufikiria mwezi wa saba wetu, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na kila jani linalobaki hai kwenye baridi ile kwa sababu tando zake ni laini vya kutosha zisigande.

Nirudi shambani. Mahindi yale hayakuokolewa. Mama alitaka kuyakata awape ng'ombe, nikamkatalia, kwa sababu orodha ya kwenye chupa haikuwa na mahindi wala siku za kungoja kabla ya kulisha. Kupanda upya mahindi palepale nako niliogopa: dawa hizi hukaa kwenye udongo muda, na mbegu ya nyasi inayoota ndiyo dhaifu kuliko yote. Tukayang'oa. Maharage tukayaacha yajimwage kwenye nafasi iliyobaki, na yalizaa vizuri.

Muhula uliofuata nilipanda kwenye mikebe nyuma ya maabara ya shule: hindi, mtama, maharage, kitunguu, na ndago niliyoing'oa kwa mama pamoja na kiazi chake. Nilipiga dawa mwenyewe jioni wanafunzi wakiwa wameondoka, na glavu na barakoa. Asubuhi niliwaambia wanafunzi waandike utabiri wao, kila mmoja kwenye karatasi yake. Karibu wote waliandika kwamba kitunguu na ndago vitakufa na hindi litapona. Walikuwa wanawaza kama mama alivyowaza. Siku ya kumi na mbili nilimwita msichana mmoja wa kidato cha tatu avute jani la moyo la hindi. Lilimtokea mkononi. Alilitazama, akalinusa, akaligeuza, halafu akaenda kwenye mkebe wa kitunguu bila kuambiwa akavuta jani lake, likakataa. Darasa zima lilikuwa kimya. Akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hindi ni nyasi?" Kitabuni ameshalisoma hilo. Siku ile ndiyo alilijua.

Ninachoomba ni kidogo na ninakiomba kwa dhati. Anayeuza dawa ya ukoo huu aseme: inaua jamii ya nyasi, na hindi, mtama, mpunga na mabingobingo ni nyasi. Sentensi moja. Kule kwetu karibu kila shamba ni la mchanganyiko, kwa hiyo maneno "ya kwenye maharage" peke yake ni mtego. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko hapahapa Arusha, Ngaramtoni, na anayetaka kujua kama dawa imesajiliwa kwa zao gani anaweza kuuliza kabla ya kufungua kifuniko. Na ukiipata dawa inayokufaa, usiipige hiyohiyo kila msimu. Huko Australia na Uingereza kuna nyasi ambazo hazisikii tena fopu. Sehemu moja tu kwenye ile protini kubwa, nafasi ya 1781, asidi amino moja imebadilishwa na ndugu yake wa karibu, isoliusini ikawa liusini, na inatosha: kitako kimebadilika, mlango umefunguka tena. Sangari yetu haishindwi kufanya hivyo.

Mama nilimweleza yote haya barazani, jioni, tukichambua maharage ya ile ile nusu eka. Nilimwambia habari za shanga, za mlango, za ukoo wa nyasi uliopoteza jeni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Akaniuliza herufi zile ni zipi, nimuandikie. Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi. Aliinuka, akachukua mkaa jikoni, akaenda mlangoni mwa stoo ya pembejeo, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma mpaka darasa la nne: FOP, DIM, SI KWA MAHINDI. Akarudi nyuma hatua moja akasoma. Kisha akaongeza chini yake, bila kuniuliza, NDAGO NI JEMBE, akafuta mkono wake kwenye khanga akaja kukaa.